Alaska, Shamba Shape Up au Maisha Plus: Utazame Kipi Kabla ya Kuhamia Shamba?

Mombasa kuna watu wengi wenye ekari mbili Kinango, kiwanja Kaloleni au kishamba cha urithi Msambweni, na wengi wao siku hizi wanaimba wimbo mmoja: nitahama mjini, nikajenge, nifuge, nile ninachopanda. Kodi ya nyumba haishikiki, maji ya mfereji huja yanapotaka, na jioni ukiwasha runinga unakuta familia fulani imejijengea nyumba kwa mikono yake, mbuzi wako nje na stoo imejaa. Mtazamaji huanza kupiga hesabu papo hapo.

Anayetaka kujifunza kwanza kabla ya kufunga virago hukwama kwenye uchaguzi. Vipindi vya maisha halisi kuhusu kuishi shamba ni vingi, havifundishi jambo moja, na saa za mtu mzima aliyetoka kazini si nyingi. Hapa nimeweka mafungu matatu bega kwa bega.

Fungu la kwanza ni vya Marekani. Nimechukua viwili: Alaska: The Last Frontier, kilichoanza 2011 kwenye Discovery na kinachofuata ukoo wa Kilcher karibu na mji wa Homer, na Homestead Rescue, kilichoanza 2016, ambamo Marty Raney na wanawe wawili, Misty na Matt, huenda kuziokoa familia zilizozidiwa na maisha ya kujitegemea porini. Fungu la pili ni la Kenya: Shamba Shape Up, kilichoanza 2012 Citizen TV, pamoja na mdogo wake Don't Lose the Plot wa 2017. La tatu ni Maisha Plus ya Tanzania, shindano la vijana wanaoishi pamoja katika kijiji cha muda, lililoanzishwa 2009 na Masoud Kipanya na wenzake, pamoja na shindano la Mama Shujaa wa Chakula la shirika la Oxfam ambalo baadaye liliingia ndani ya kijiji hichohicho.

Vigezo vyangu ni vitano: ardhi, maji, pesa, majira na watu. Nimeacha makusudi kigezo cha "kipi ni cha kweli zaidi". Vyote vimekatwa na kuunganishwa na mhariri, na nyuma ya kila kamera kuna watu na magari usiyoyaona. Mabishano hayo hayamsaidii mtu anayetaka kujua achimbe kisima wapi.

Ardhi

Vipindi vya Alaska huanza mambo ya ardhi yakiwa yamekwisha. Ukoo wa Kilcher uko pale kwa sababu mzee wao, Yule Kilcher, mhamiaji kutoka Uswisi, alijipatia ardhi miongo mingi iliyopita, enzi ambayo mlowezi aliweza kupewa ardhi na serikali. Sheria iliyoanzisha mpango huo aliitia saini Abraham Lincoln mwaka 1862: ekari 160 kwa atakayekaa, ajenge na kulima kwa miaka mitano. Ilifutwa 1976, na Alaska ikaongezewa muda hadi 1986. Kwa hiyo hata Mmarekani wa leo anayetaka maisha hayo ananunua ardhi kama wewe. Jambo ambalo kamera hailigusi sana ni kwamba ardhi iliyogawiwa walowezi ilikuwa na wenyewe kabla yao.

Sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa hayo mara mbili. Sheria ya hatimiliki ya 1908 ilitaka kila mwenye dai kwenye ukanda wa pwani alisajili, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wengi hawakusajili, na hadi leo kuna vijiji vizima vinavyoitwa vya maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Mtu akitazama ekari mia sita za ukoo wa Kilcher kisha akaenda kununua "shamba la bei poa" Kilifi kwa karatasi ya makubaliano tu, anakutana na historia hiyo uso kwa uso.

Shamba Shape Up humkuta mkulima kwenye shamba lake mwenyewe, mara nyingi dogo, na hapo ndipo kinapomfaa mtu wetu: ukubwa unafanana. Kinakuonyesha wapi pa kuweka banda, wapi bustani, wapi malisho, kwenye eneo ambalo unaweza kulizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Lakini hakikufundishi kununua. Maisha Plus nayo hujenga kijiji cha muda, na mshiriki anaondoka hana hata hatua moja ya udongo. Hata hivyo, Mama Shujaa wa Chakula limezungumzia waziwazi jambo ambalo hayo mafungu mengine yanalipitia juujuu: haki ya mwanamke kumiliki ardhi anayoilima. Mama aliyelima shamba la mume miaka yote na jina lake halipo popote atapata cha kusikiliza pale.

Mambo matatu hutayapata kwenye kipindi chochote. Upekuzi kwenye ofisi ya ardhi kabla hujatoa hata shilingi. Idhini ya bodi ya ardhi, ambayo kwa shamba la kilimo huombwa ndani ya miezi sita ya makubaliano, la sivyo mauziano ni bure. Na la tatu ni letu wenyewe: uliza minazi ni ya nani. Kwa desturi ya Pwani ardhi inaweza kuwa ya mmoja na miti ikawa ya mwingine, na mgema anayepanda asubuhi akawa amekodi kwa huyo mwingine. Ukianza kukata minazi kwa kuwa una hati mkononi, umeanzisha kesi.

Maji

Hapa ndipo ningemwambia mtu atumie muda wake mwingi, kwa maana Mombasa tumezoea maji yatoke mbali bila kufikiri. Mzima, Baricho, Marere, visima vya Tiwi: vyanzo vyote hivyo viko nje ya kaunti yetu. Ukihamia shamba unakuwa wewe mwenyewe kampuni ya maji.

Homestead Rescue, pamoja na mbwembwe zake, kina somo zuri hapa. Mara nyingi familia inayookolewa imeshindwa kwa sababu ilijenga kwanza ikatafuta maji baadaye, au ilijenga mahali mafuriko yanapopita. Raney hufika na kuanza na mteremko wa ardhi. Jicho hilo ni la kuibwa. Mbinu zenyewe ni nyingine: wao wana theluji inayoyeyuka na chemchemi za mlimani zinazoteremshwa kwa bomba. Sisi tuna jiwe la matumbawe, mchanga, na visima vya karibu na bahari ambavyo ukivivuta sana kwa pampu vinaanza kuleta chumvi. Kisima chenye chumvi kidogo bado kitakupa nazi, maana mnazi unavumilia. Maharagwe hayatakusamehe.

Shamba Shape Up kinaleta mambo unayoweza kuyafanya Jumamosi: kuvuna maji ya paa, umwagiliaji wa matone, matandazo ya majani kuzuia udongo usikauke. Ila vipindi vingi hupigwa bara, kwenye udongo unaoshika maji. Mchanga wa Pwani unayameza. Ukikiona kipimo cha kumwagilia cha mkulima wa Nyeri, usikibebe kilivyo.

Maisha Plus haitoi mbinu ya maji hata moja ya kuandika nyumbani. Inatoa kitu kingine: vijana waliozoea bomba wakichota na kubeba, siku baada ya siku, na nyuso zao zikibadilika. Kwa mtu ambaye hajawahi kubeba ndoo, hilo nalo ni elimu.

Nimalize kipengele hiki kwa hesabu ambayo hakuna kipindi kitakufanyia. Paa la mabati la mita 10 kwa 6 ni mita za mraba 60. Kila milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, hivyo penye mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka paa hilo linapokea lita 60,000. Ondoa inayomwagika na inayokauka, shika 48,000. Familia ya watu watano, lita 20 kila mmoja, inatumia 100 kwa siku. Tangi la lita 10,000 lililojaa mvua za vuli zikiisha litawafikisha siku mia, yaani limevuka kaskazi hadi masika yaanze kugonga. Ongeza bustani ya mita za mraba 20 inayotaka lita tano kila mita kwa siku, na tangi hilohilo linaisha baada ya siku hamsini. Ndiyo maana wazee walichimba jabia la maji ya mvua kubwa kuliko tunavyoona ni lazima. Na kama umeipenda nyumba ya makuti kwa ubaridi wake, jenga banda la pembeni la mabati kwa ajili ya maji. Maji ya makuti hutoka rangi ya chai ya rangi na wadudu ndani.

Pesa

Familia ya Alaska unayoitazama inalipwa kwa kutazamwa. Si siri wala si dhambi, lakini ni mshahara ambao wewe hutakuwa nao. Tena mkazi wa Alaska hupokea kila mwaka mgao wa mfuko wa mafuta wa jimbo lake, tangu 1982. Na nyama: moose mmoja, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, akiangushwa, friji imejaa msimu mzima. Kenya imepiga marufuku uwindaji tangu 1977, na ukikaa upande wa Shimba Hills ni ndovu atakayekula shambani kwako. Homestead Rescue nacho huja na mbao, mashine na mafundi. Hesabu ya nani alilipia huwa haikai muda mrefu kwenye skrini.

Kwa kigezo hiki vipindi vya Kenya vimesimama vizuri zaidi, na nasema hivyo nikiwa na jicho moja wazi. Shamba Shape Up kinataja mbegu, chanjo na mavuno kwa lugha ya mkulima mwenye mfuko mdogo. Don't Lose the Plot kilikwenda mbali: vijana wanne, wawili wa Kenya na wawili wa Tanzania, kila mmoja na ekari yake, na zawadi ya dola 10,000 kwa aliyeiendesha ekari hiyo vizuri zaidi kibiashara. Huko utaona mtu mwenye shamba la kijani kibichi akipata hasara, na hilo runinga hupenda kulificha. Jicho langu lililobaki wazi ni hili: sehemu ya vipindi hivi hugharimiwa na kampuni na mashirika yenye bidhaa au ujumbe wa kupitisha. Ukisikia jina la dawa au mbegu, andika kazi yake, si jina lake, kisha uende agroveti uulize mbadala. Watakuwa nao.

Maisha Plus ni shindano, na pesa yake ni ya mshindi. Usitafute humo mtaji wala faida. Mama Shujaa wa Chakula angalau liliwaleta wanawake waliokwisha kula na kuuza kwa jembe lao, na wakiongea juu ya soko wanajua wanachokisema.

Majira

Siku chache za kazi kwenye kipindi huonekana dakika arobaini, na hilo linaharibu akili ya mtazamaji kuliko jambo lolote. Mnazi mrefu wa kienyeji utakusubirisha miaka sita hivi kabla ya dafu la kwanza. Shamba Shape Up, kwa jinsi kilivyotengenezwa, huja siku chache, kikapaka, kikapanda, kikaondoka. Mara nyingine hurudi kuangalia. Maisha Plus ina wiki za kuchosha ambazo ni karibu zaidi na maisha yenyewe.

Lakini Alaska inashinda hapa, na sikutarajia kusema hivyo kuhusu watu wa theluji. Kila anachokifanya mtu wa Homer kiangazi kinahesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka majira ya baridi: kuni kiasi gani, nyasi za ng'ombe kiasi gani, samaki wangapi wakaushwe. Sisi tuna kaskazi. Januari hadi Machi majani yanakauka, kisima kinashuka, mbuzi anakonda na mchicha bei inapanda sokoni Kongowea. Anayehamia shamba Novemba, kila kitu kikiwa kijani, anadanganywa na vuli.

Tofauti iko kwenye kuhifadhi. Wao baridi inawahifadhia. Kwetu joto na unyevu vinaharibu. Mahindi ya Pwani yana maadui wawili ambao Alaska hawawajui, dumuzi anayetoboa punje na sumukuvu inayoletwa na ukungu, na kwa hao Shamba Shape Up ndicho mwalimu: kausha juu ya turubai si juu ya udongo, pakia kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Bibi zetu wa Rabai walitundika mahindi yakiwa bado kwenye magunzi juu ya moto wa jikoni, moshi ukawafukuza wadudu. Nenda kaone kwa mtu ambaye bado anafanya hivyo. Hindi lililokaa pale lina ganda jeusi la masizi, linanuka moshi, na ukilivunja punje ndani ni nyeupe safi bila tundu.

Watu

Mafungu haya yanatofautiana hapa kuliko popote. Vya Alaska vinauza upweke: mtu, mlima, shoka. Ukitazama kwa makini, hata hivyo, Kilcher ni ukoo mzima, kaka na watoto na wakwe, wanaokopeshana trekta. Vya Kenya vinamwonyesha mkulima na familia yake wakishauriana na mtaalamu, adabu tupu, hakuna anayegombana. Maisha Plus ni magombano: nani amepika, nani amelala, nani amemaliza unga.

Wengi wanaidharau kwa sababu hiyo. Mimi ningempa mkanda wake mume na mke wanaotaka kuhama pamoja kabla ya kuwapa kipindi chochote cha kilimo. Shamba la Pwani halina porini pa kujificha. Una mzee wa kijiji, una chifu, una jirani ambaye mbuzi wake wana njia yao tangu kabla hujanunua, na pengine una msitu wa kaya, msitu mtakatifu wa wenyeji, ambao hukati humo hata fimbo. Baadhi ya kaya za Wamijikenda ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008, lakini si UNESCO atakayekuja kukuuliza; ni wazee.

Kwa hali yako

Kama bado huna ardhi na unavutwa na ndoto tu, tazama Homestead Rescue, kwa kuwa kinaonyesha walioshindwa. Andika kila kilichowaangusha, kisha uende na orodha hiyo ukakague kiwanja, ikiwezekana mara moja wakati wa masika na mara moja Februari.

Ardhi unayo, hati iko, na unataka chakula mezani ndani ya mwaka: Shamba Shape Up. Vipindi vingi viko kwenye YouTube, Kiswahili kipo, na hutalipia king'amuzi. Anza na vya kuku na mihogo. Kuku kwa sababu ugonjwa wa kideri unaweza kufuta banda lote kwa wiki moja na chanjo yake ni rahisi; mihogo kwa sababu Pwani inaipenda, ila chagua vijiti visivyo na batobato, ugonjwa wa virusi unaokunja majani. Kwa mbegu zinazofaa udongo wetu, kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, kiko pale Mtwapa, na mwendo kutoka mjini si wa kukushinda.

Unahama na mwenzako, au na mama mkwe, au mko ndugu watatu mnaorithi pamoja: Maisha Plus, na mtazame mkiwa chumba kimoja. Mkianza kubishana nani kati yenu angekuwa yule anayelala, mmefika penyewe. Mama anayelima bila jina lake kwenye karatasi yoyote aanze na Mama Shujaa wa Chakula, kisha aonane na mwanasheria.

Unastaafu na una kiinua mgongo: Don't Lose the Plot kwanza, hata kama washindani ni rika la wajukuu zako. Ukimaliza, fungua Alaska: The Last Frontier kwa ajili ya kalenda yake tu, na pale wanapoandika "baridi" wewe andika "kaskazi".

Na aliye mjini, Majengo au Kibokoni, hana ardhi, hana mtaji, ana paa la saruji na Jumamosi moja: Shamba Shape Up, vile vya bustani ndogo. Ndoo kuukuu zilizotobolewa chini, udongo na samadi, bamia na mchicha, upande wa paa unaopata kivuli mchana. Muombe mwenye nyumba ruhusa kabla hujapandisha udongo, maana uzito wake ukilowa si mchezo.